Jinsi paa la kivungulio linavyoamua lishe iliyomo ndani ya nyanya

MSAFIRI anayetoka Voi kuelekea Taveta huipita Mwatate, akakiacha nyuma kitovu hicho cha Kaunti ya Taita Taveta, na baada ya mwendo mfupi hufika Bura. Mkono wake wa kulia huwa na vilima vya Dawida vyenye ukungu na mashamba ya ngazi. Mkono wa kushoto hutandaza nyika kavu ya Tsavo, yenye vumbi jekundu na njia za ndovu. Hii si Bura ile ya mradi wa unyunyizaji maji katika Kaunti ya Tana River. Ni Bura ya Wataita, ambako wamishenari wa Kikatoliki walijenga kituo chao mwaka 1892, na ambako maji ya mto unaotelemka kutoka vilimani yamekuwa yakinywesha mashamba ya wenyeji kwa vizazi vingi.

Mahali kama hapa, penye mlima upande mmoja na jangwa upande mwingine, ndipo swali la makala haya linapopata uzito. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, vivungulio vya plastiki vimekuwa vikichipuka kote nchini Kenya, na nyanya ndilo zao linalopandwa humo kuliko mengine. Mkulima huelezwa kuhusu mavuno, bei na magonjwa. Ni nadra sana aelezwe kwamba karatasi au neti anayoitandaza juu ya mimea yake huchangia kuamua kiasi cha vitamini na virutubisho vingine vitakavyokuwa ndani ya tunda siku litakapowekwa katika sahani ya mtoto wake.

Jambo hili si la wasomi pekee. Katika nyumba nyingi za Taita Taveta, kama ilivyo kwingineko nchini, nyanya ni miongoni mwa vyakula vichache visivyokosa jikoni hata siku ya dhiki. Nyama inaweza kukosekana kwa wiki nzima na matunda yakawa anasa, lakini nyanya mbili tatu hupatikana kwa mama mboga. Ikiwa nyanya hiyo imepungukiwa, familia nayo imepungukiwa bila kujua.

Kilichomo ndani ya nyanya

Takriban asilimia 94 au 95 ya nyanya mbichi ni maji. Sehemu ndogo inayosalia ndiyo yenye thamani. Gramu 100 za nyanya iliyoiva huwa na takriban miligramu 14 za vitamini C. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yanapendekeza miligramu 45 za vitamini hiyo kwa siku kwa mtu mzima. Kwa hivyo, nyanya moja ya wastani humpa mlaji karibu thuluthi moja ya mahitaji yake, mradi ailie ikiwa mbichi.

Vitamini C ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu. Huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, kunde na mboga za majani. Madini ya chuma yatokanayo na mimea hufyonzwa kwa shida yakiwa peke yake. Kwa mtu ambaye chakula chake cha kila siku ni kimanga, maharagwe au sukumawiki, nyanya iliyo kando ya sahani si pambo.

Kisha kuna likopeni, ambayo ndiyo rangi nyekundu yenyewe ya nyanya. Likopeni haigeuki kuwa vitamini A mwilini, lakini ni kinga dhidi ya uharibifu wa chembechembe za mwili. Ipo pia beta-karotini, yenye rangi ya manjano na chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kundi la mwisho ni fenoli, zikiwamo flavonoidi, ambazo nazo huhesabiwa kuwa walinzi wa mwili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Uskoti ulionyesha kwamba karibu flavonoli zote za nyanya, yaani asilimia 98, zimo katika ganda lake. Wanaomenya nyanya kabla ya kuipika hulitupa fungu hilo lote pamoja na maganda.

Virutubisho hivi vyote havipangwi na mbegu peke yake. Mmea huvitengeneza kwa kuitikia mwangaza, joto, maji na mbolea. Paa la kivungulio hubadilisha mambo mawili ya kwanza kwa pamoja, nalo hufanya hivyo kila siku, tangu mche unapotiwa ardhini hadi tunda la mwisho linapochumwa.

Mwangaza na vitamini C

Uhusiano kati ya mwangaza na vitamini C umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1945 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ambapo mimea ya nyanya iliwekwa kivulini na mingine juani. Matunda ya mimea iliyopata jua yalikuwa na vitamini C nyingi zaidi. Mimea iliyohamishwa kutoka kivulini hadi juani matunda yakiwa yamekomaa lakini bado ni ya kijani iliongeza vitamini hiyo. Fundisho lilikuwa kwamba siku za mwisho kabla ya tunda kuiva zina uzito mkubwa kuliko siku za awali.

Sababu yake haina utata. Vitamini C hutokana na sukari, na sukari hutokana na majani kunasa mwangaza. Isitoshe, tunda lenyewe linapopigwa na mwanga hujikinga kwa kutengeneza vitamini hiyo. Mwangaza ukipungua, njia zote mbili hudhoofika.

Sasa tuzitazame bidhaa zilizopo sokoni. Kioo safi hupitisha karibu asilimia 90 ya mwangaza unaoonekana. Karatasi mpya ya plastiki iliyo angavu, ile yenye unene wa maikroni 200 ambayo wakulima wengi wa Kenya huitumia, haiko mbali na kiwango hicho. Mabamba ya polikaboneti yenye kuta mbili hupitisha takriban asilimia 80. Neti ya kivuli hupimwa kwa kiasi inachozuia: ile ya asilimia 30 huzuia takriban theluthi moja ya mwangaza, na ile ya asilimia 50 huzuia nusu.

Hizo ni hesabu za kiwandani. Shambani mambo ni tofauti. Karatasi ya plastiki huchakaa kwa jua na kuwa ya manjano, na aghalabu hudumu kwa miaka mitatu hadi mitano tu. Katika nyanda za Voi, ambako hata ndovu hugeuka wekundu kwa udongo wanaojipaka, vumbi hutanda juu ya paa kuanzia mvua zinapokatika. Mkulima aliyenunua karatasi angavu kwa bei ghali hujikuta baada ya miezi michache akilimia chini ya pazia jekundu. Mmea haujui kwamba paa lilikuwa jipya Januari. Hupokea kile kinachopita leo.

Joto na rangi nyekundu

Ikiwa vitamini C hupenda mwangaza, likopeni huogopa joto. Hapa ndipo mkulima wa nyanda za chini anapotofautiana na yule wa Uholanzi au wa Limuru.

Likopeni hutengenezwa vyema pale joto linapokuwa kati ya nyuzijoto 16 na 25 hivi. Joto likishuka chini ya nyuzijoto 12, kazi hiyo hukwama. Likipanda na kupita nyuzijoto 30 au 32, likopeni huzuiwa kuundwa, ilhali beta-karotini huendelea. Matokeo yake huonekana kwa macho. Nyanya huiva ikiwa na rangi ya chungwa badala ya nyekundu, au hubaki na mabega ya manjano yaliyo magumu kuzunguka kikonyo. Wachuuzi huikataa kwa sababu ya sura. Mwenye kujua huona kwamba sura hiyo ni ripoti ya kilichotokea ndani ya tunda.

Ni vyema kukumbuka kwamba joto linalohusika ni la tunda lenyewe, si la hewa tu. Tunda lililoelekezewa jua kali la saa saba mchana linaweza kuwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo, hata siku ambayo kipimajoto kinaonyesha nyuzijoto 28, tunda lisilo na jani la kulifunika linaweza kuwa limevuka mpaka.

Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hupita nyuzijoto 30 katika miezi mingi ya mwaka. Kilele cha Vuria, kilicho juu kabisa katika vilima vya Taita, kimepita mita 2,200. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, shamba la juu na shamba la chini katika kaunti hiyo moja hutofautiana kwa nyuzi tisa au kumi. Bura iko chini ya vilima, kati ya hali hizo mbili, nayo huelemea upande wa joto.

Karatasi ya plastiki iliyofungwa pande zote huongeza joto hilo kwa njia mbili. Huruhusu miale ya jua kuingia na kuipasha ardhi, kisha huzuia hewa moto isitoke nje. Ulaya ya kaskazini ndiko teknolojia hii ilikokuzwa, na huko joto hilo lilikuwa ndilo lengo. Katika nyika ya Voi ni balaa. Kivungulio kifupi kisicho na matundu ya kutosha kinaweza kupita nyuzijoto 40 adhuhuri. Kabla hata ya kufikia suala la lishe, chavua ya maua huharibika joto linapozidi nyuzijoto 32 hadi 35, na maua hupukutika bila kufunga tunda.

Kwa ufupi, mkulima wa Bura hakosi jua. Tatizo lake ni joto linaloambatana nalo. Swali lake, basi, ni jinsi ya kuuacha mwangaza uingie na kulizuia joto lisikae.

Miale isiyoonekana

Pamoja na mwangaza tunaouona, jua hutuletea miale ya urujuanimno, ambayo macho ya binadamu hayaioni. Ndiyo inayounguza ngozi na kupausha nguo. Kwa mmea, miale hiyo ni tishio na pia ni kengele ya tahadhari. Ikiupiga, mmea hujitengenezea fenoli na flavonoidi ili kujikinga, kama vile mtu afunguavyo mwavuli. Kinga hiyo ya mmea ndiyo inayogeuka kuwa faida kwa mlaji.

Bidhaa za kuezekea hutofautiana mno katika jambo hili. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya kundi B, ambayo ndiyo kali zaidi inayotufikia. Polikaboneti huzuia takriban miale yote ya urujuanimno. Karatasi za plastiki hutegemea dawa zilizochanganywa kiwandani: zipo zinazoipitisha kwa wingi na zipo zinazoizuia kabisa. Neti, kwa kuwa ni kitambaa chenye matundu, huacha sehemu yake kubwa ipite.

Mwaka 2006 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walichapisha matokeo ya nyanya zilizokuzwa chini ya karatasi za aina mbili, moja ikipitisha miale ya urujuanimno na nyingine ikiizuia. Zilizopata miale hiyo zilikuwa na fenoli nyingi zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Italia walikuwa wameonyesha kwamba jibu hutegemea pia aina ya nyanya: miale ya kundi B iliongeza vitamini C, lakini kuhusu likopeni, aina moja ilinufaika huku nyingine ikipungukiwa. Asikudanganye mtu, basi, kwamba kuna karatasi moja inayofaa kila mbegu.

Hapa kuna neno linalowapotosha wanunuzi wengi. Karatasi nyingi huuzwa kwa sifa kwamba zimetiwa dawa ya kukabiliana na miale ya urujuanimno. Kauli hiyo inaweza kumaanisha mambo mawili tofauti. La kwanza ni kwamba karatasi imeimarishwa ili isioze haraka kwa jua. La pili ni kwamba inazuia miale hiyo isiifikie mimea. Karatasi inaweza kuwa na sifa ya kwanza bila ya kuwa na ya pili kwa ukamilifu. Mkulima anayetaka kujua anachonunua sharti aulize maswali mawili badala ya moja: itadumu miaka mingapi, na inapitisha kiasi gani cha miale hiyo.

Wadudu wanapoingia katika hesabu

Kama hadithi ingeishia hapo, ushauri ungekuwa mwepesi: acha miale yote ipite. Lakini wapo nzi weupe.

Nzi weupe, thripsi na vidukari huitumia miale ya urujuanimno kuona na kutafuta njia. Penye upungufu wa miale hiyo, hupotea mithili ya mtu aliyezimiwa taa, na wachache ndio wanaoingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hannover, Ujerumani, walilijaribu jambo hilo nchini Thailand, katika hali ya joto la tropiki, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Waligundua kwamba karatasi na neti zinazozuia miale ya urujuanimno zilipunguza wadudu hao pamoja na magonjwa ya virusi wanayoyasambaza katika nyanya.

Mkulima yeyote wa Taita Taveta ambaye majani ya nyanya zake yamewahi kukunjamana na kuwa manjano kwa ugonjwa wa virusi vya nzi weupe anajua thamani ya kinga hiyo. Anajua pia gharama ya kuikosa, ambayo ni dawa. Kadiri wadudu wanavyozidi, ndivyo unyunyizaji wa kemikali unavyozidi, na pale mfuko unapobana, siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuchuma hufupishwa. Nondo hatari wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, alilifanya tatizo hilo kuwa baya zaidi.

Hapo ndipo penye mizani. Upande mmoja kuna nyanya yenye fenoli nyingi kidogo kwa kuwa miale imeipiga. Upande wa pili kuna nyanya yenye fenoli pungufu kidogo, ambayo huenda haikuhitaji kunyunyiziwa sumu mara nyingi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mama anayemlisha mtoto hapaswi kusita. Upungufu kidogo wa fenoli hufidiwa kwa ganda lisilotupwa na kwa mboga nyingine za majani. Masalia ya dawa hayana cha kuyafidia.

Hata hivyo, chaguo si hayo mawili tu. Neti yenye matundu madogo huzuia wadudu kwa umbo lake, si kwa kuwapofusha, na hivyo huacha sehemu kubwa ya miale iwafikie walengwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wameijaribu njia hiyo kwa nyanya katika mazingira ya Kenya, na taarifa zao, zilizochapishwa katika muongo wa 2010, zilionyesha kwamba mimea iliyofunikwa kwa neti ilikuwa na wadudu wachache na mavuno bora kuliko iliyoachwa wazi.

Ushauri kwa shamba la Bura

Tafiti nyingi kuhusu paa na lishe zimefanywa katika nchi ambako jua ni haba na baridi ni kali. Huko kila punje ya mwangaza ni mali. Bura iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Jua lake liko karibu utosini mwaka mzima, na miale ya urujuanimno haikosekani. Paa linaloweza kupunguza lishe Norway linaweza kuiboresha Voi, iwapo litapunguza joto. Kunakili michoro ya ugenini bila kuipima ni kuvaa koti la baridi ufuoni.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Almería, kusini mwa Uhispania, ambako maelfu ya hekta yamefunikwa kwa plastiki. Wakulima wa huko hupaka paa zao chokaa majira ya joto yanapofika, kisha huiosha jua linapopungua. Wamekubali kupoteza mwangaza kidogo ili kuokoa matunda na joto. Neti ya kivuli inayotandazwa na kukunjwa hufanya kazi hiyo hiyo, na inafaa zaidi kwa mkulima mdogo kwa kuwa anaweza kuiondoa siku za mawingu.

Zipo pia karatasi zinazotawanya mwangaza, ambazo huonekana kama zenye ukungu. Wengi huzikataa wakidhani ni chafu. Kwa hakika hupitisha mwangaza mwingi, ila huusambaza ili uyafikie majani ya chini na kuepusha jua lisilichome tunda moja huku jingine likiwa gizani. Katika eneo lenye jua kali, aina hiyo ina faida kuliko ile iliyo angavu kama kioo.

Kwa mkulima wa nyanda za chini, kutoka Voi hadi pembezoni mwa Bura, muundo unaofaa ni ulio mrefu, wenye plastiki juu ili kuzuia mvua na neti ya wadudu pande zote, pamoja na tundu la kutolea hewa moto kileleni. Kwa mkulima wa miinuko ya Wundanyi, ambako usiku huwa na baridi na ukungu huleta bakajani, plastiki angavu yenye kufungwa jioni ina maana zaidi. Wawili hao ni wa kaunti moja, lakini hawafai kununua kivungulio kimoja.

Yapo mengine ambayo hayahitaji fedha. Paa lioshwe mara kwa mara msimu wa kiangazi, hasa wiki mbili tatu kabla ya kuanza kuchuma, kwa kuwa huo ndio wakati tunda linapojaza vitamini C. Majani yasipunguzwe kupita kiasi: yaliyo juu ya kichala yaachwe yawe mwavuli wa tunda. Mbolea ya naitrojeni isizidishwe, kwani huongeza majani na kupunguza vitamini C. Kipimajoto kitundikwe katikati ya mimea, kivulini, na kisomwe saa saba mchana, si asubuhi.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya nyanda za chini za Taita Taveta vina maji ya chumvichumvi. Chumvi kiasi huifanya nyanya kuwa ndogo lakini yenye utamu na virutubisho vilivyokolea. Ikizidi, huua mavuno na kuleta ugonjwa wa kuoza kitako. Mkulima asijivunie chumvi hiyo wala kuiogopa kabla ya kupima maji na udongo wake.

Mwisho kabisa, mbegu. Tofauti kati ya aina moja ya nyanya na nyingine mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti iletwayo na paa. Aina kama Anna F1 hupendwa kwa vivungulio kwa sababu hurefuka na kuzaa kwa muda mrefu, ilhali Cal J na Rio Grande zimezoeleka katika mashamba ya wazi. Mkulima anayelinganisha nyanya za kivungulio na za nje, na kusema za ndani hazina ladha, aghalabu huwa amelinganisha mbegu mbili, si paa mbili.

Kutoka shambani hadi sahanini

Kazi yote hiyo inaweza kupotea njiani. Nyanya nyingi zinazopelekwa Kongowea, Mombasa, huchumwa zikiwa bado za kijani ili zisipondeke ndani ya makreti. Huiva safarini, zikapata rangi, lakini hazipati tena sukari wala vitamini C ambayo zingeipata zikiwa shinani chini ya jua. Mkulima wa Bura aliye karibu na soko la Voi au Mwatate ana nafasi ya kuchuma zikiwa zimeanza kuwiva, na mlaji wa karibu ndiye anayenufaika.

Jikoni nako kuna hekima ya kale ambayo sayansi imeithibitisha. Vitamini C huharibiwa na moto, kwa hivyo kachumbari ndiyo njia bora ya kuipata. Likopeni, kinyume chake, hutoka vizuri zaidi nyanya inapopikwa na kuwekwa mafuta kidogo, kama katika mchuzi. Nyumba inayokula kachumbari na mchuzi kwa zamu imepata vyote viwili. Kipande cha parachichi ndani ya kachumbari husaidia mwili kufyonza rangi hizo, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta.

Soko letu bado halimlipi mkulima kwa vitamini. Kreti hununuliwa kwa ukubwa, ugumu na wekundu wa matunda. Hata hivyo, wekundu uliokolea, usio na mabega ya manjano, ni dalili njema ya likopeni, na hivyo mnunuzi anayechagua kwa jicho hajakosea kabisa. Kasoro ni kwamba vitamini C na fenoli hazionekani kwa jicho. Nyanya iliyolelewa chini ya paa lililojaa vumbi inaweza kuwa kubwa, laini na ya kupendeza, na bado ikawa imebeba maji matupu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Anayefikiria kujenga kivungulio msimu ujao, basi, asimalize hesabu yake kwa bei ya mabomba na idadi ya mashina. Aulize pia ni mwangaza gani utakaopita, ni joto gani litakalobaki na ni miale gani itakayozuiwa. Majibu ya maswali hayo hayatoki mjini wala ng'ambo. Yatapatikana chini ya paa lake mwenyewe, kwa kipimajoto, ndoo ya maji ya kuoshea vumbi, na jicho linaloyatazama mabega ya nyanya kila asubuhi.